UFAGIO USILE SIKU YETU YA MAPUMZIKO



Safari hii twataka kusema juu ya jambo lisilosemwa sana katika mikutano yetu, nalo ni usafi wa nyumba zetu hapa Garissa. Hapana shaka wako watakaocheka na kuuliza, chama cha wafanya kazi kina shauri gani na ufagio na beseni? Wanaouliza hivyo na wasome mpaka mwisho, kisha watupinge katika mkutano wa tawi wakitaka.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yasema kwamba mfanya kazi ana haki ya siku moja ya mapumziko, kwa uchache, katika kila siku saba. Sote twaijua sheria hii, na tajiri akiivunja twapiga kelele. Lakini tazameni siku hiyo inakwenda wapi kwa mama aliyeajiriwa. Anaamka alfajiri. Anafua nguo za siku sita, anasugua masufuria, anatoa magodoro juani, anapiga deki, anaosha choo, na jua likitua amechoka kuliko siku aliyokuwa kazini. Kesho yake anarudi kazini. Hayo si mapumziko hata kidogo. Ni siku ya saba ya kazi, tena haina mshahara wala overtaimu.

Tufanye hesabu kidogo. Juma zima lina saa 168. Amri ya mishahara ya kawaida yasema juma la kazi lisizidi saa 52 katika siku 6, na wengi wetu twazifanya zote. Toa saa 56 za usingizi, yaani saa 8 kila usiku, ukipata. Zabaki saa 60. Katika saa hizo mtu ale, asali, aende kazini na kurudi, awatazame wazazi, aangalie madaftari ya watoto, na nyumba isafishwe. Mwaka 2021 idara ya Serikali ya takwimu ilichunguza jinsi watu wa Kenya wanavyotumia saa zao. Ikaonekana kwamba mwanamke, kwa wastani, anatumia karibu saa 4 na nusu kila siku katika kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa, na mwanamume hata saa 1 haifiki. Zidisha kwa siku 7. Mwanamke ana saa 31 na zaidi, mwanamume ana chini ya 7. Basi mama aliyeajiriwa, kama anafanya kazi ya nyumbani sawa na wenziwe, katika zile saa 60 amebakiwa na 29 tu za kula, kusali, njiani, ugonjwa, misiba na mambo yote ya mwanadamu.

Mwanachama akija ofisini kulalamika kwamba amezidishiwa nusu saa bila malipo, twamwandikia tajiri barua siku ile ile. Hizi saa 31 nani atamwandikia nani?

Mambo haya hayakuanza jana. Katika siku za ukoloni mshahara wa mfanya kazi Mwafrika mjini ulihesabiwa kwa mahitaji ya kapera, mtu mmoja, kitanda kimoja, sufuria moja. Mke na watoto walidhaniwa wako mashambani au mbugani wakijilisha wenyewe. Kamati ya Carpenter iliyotoa taarifa yake mwaka 1954 ndiyo iliyosema wazi kwamba kima cha chini kifuate mahitaji ya mtu mwenye mke na watoto. Vyama vya wafanya kazi vilipigania jambo hilo kwa nguvu, na ni vema. Lakini hata waliopigania mshahara wa jamaa nzima walidhani kwamba nyumbani yuko mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine ila kufua na kufagia. Leo mtu huyo ni mwalimu, ni mwuguzi, ni karani wa kaunti, ni mpishi wa hoteli, anauza duka kutoka asubuhi mpaka usiku. Saa zake zimekwisha uzwa, na ule ufagio bado unamngoja yeye.

Tena hapa kwetu liko jambo la pili. Nyumba ya Kisomali ya mbugani, ya miti iliyopindwa na mikeka, wanawake huijenga wenyewe, huivunja wenyewe na kuipakia juu ya ngamia. Malisho yakiisha, watu huhama na taka hubaki nyuma, jua na upepo zikazimaliza. Nyumba ya mabati ya Bula Iftin au ya Bula Punda haihami. Taka za jana zipo leo, za leo zitakuwapo kesho, na ukuta wa jirani umeegemea wako. Mji umeongeza kazi ya usafi mara nyingi, lakini mgao wa kazi hiyo umebaki ule ule wa mbugani.

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe, maana si kila kazi ni sawa, na mtu mwenye saa chache yafaa ajue ni ipi inaweza kungoja na ipi haiwezi.

Vumbi laweza kungoja. Tunajua haya ni maneno magumu kwa watu wa Garissa, ambao wakifunga dirisha wanakufa kwa joto na wakilifungua mchanga unalala nao kitandani. Lakini vumbi halishindwi kwa hasira. Ufagie mara moja kwa siku, alfajiri kabla upepo haujaamka, na uwanja unyunyiziwe kwanza maji ya kuoshea vyombo ili mchanga utulie. Anayefagia mara tatu kwa siku anahamisha vumbi tu kutoka chumba hata chumba, na nguvu zake zapotea bure. Deki ya sakafu, mara mbili kwa juma yatosha. Mapazia, Mungu atatusamehe.

Vyombo vya maji haviwezi kungoja. Hapa twaomba kila mtu asome polepole.

Katika mitaa yetu mingi maji ya bomba hayatoki kila siku, kwa hiyo kila nyumba ina mapipa, madebe na mitungi ya lita 20, ya kujijazia wenyewe au ya kununua kwa wenye mikokoteni ya punda. Maji ya Mto Tana yana tope, na wengi huyaacha yatulie usiku kucha au huyatia shabu, kisha wanaona yamekuwa meupe na wanafurahi. Lakini shabu inashusha tope tu, haiui vijidudu vya kipindupindu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini mwezi Oktoba 2022 ulifika katika kaunti yetu na katika kambi za wakimbizi za Dadaab, na hapana haja ya kumkumbusha mtu aliyeuguza.

Adui mwingine ni mbu. Si yule wa malaria anayeuma usiku, bali ni mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Huyu hapendi madimbwi ya matope. Anapenda maji masafi yaliyotulia ndani ya pipa lako. Anataga mayai yake ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai yanashika pale kama gundi. Ukimwaga maji ukajaza mengine hukufanya kitu, kwa maana mayai yamebaki ukutani, yanaweza kukaa makavu kwa miezi, na maji yakiyafikia yanaanguliwa. Katika joto la huku, toka yai mpaka mbu mzima anayeruka ni kama juma moja hivi au siku kumi. Mbu huyo ndiye aliyeleta homa ya dengi Mandera mwaka 2011, na homa ya chikungunya huko huko Mandera mwaka 2016, watu wakalala kwa maumivu ya viungo, wafanya kazi wa hospitali pia wakiwamo.

Kwa hiyo pipa ni lazima lisuguliwe ndani kwa brashi au kwa kitambaa kigumu na mchanga, ukuta wote mpaka ukingoni, mara moja katika kila siku 7, kisha lifunikwe vizuri. Ukikosa juma moja, umemwachia mbu nafasi. Nyumba yenye mapipa mawili na mitungi sita inahitaji kama saa moja ya kazi hii. Ikiwa juma hili huna nafasi ila ya kazi moja tu, basi acha sakafu, acha masufuria yasing'ae, usugue pipa.

Siku gani? Si Ijumaa wala Jumapili kwa sababu ya desturi tu, bali siku ile maji yamekwisha au yamebaki chini kabisa, kabla ya bomba kufunguliwa au mkokoteni kuja. Kumwaga pipa lililojaa ili ulioshe ni dhambi katika nchi hii. Kiasi cha maji kinachohesabiwa kuwa cha chini kabisa katika misaada ya dharura duniani ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa nyumba ya watu 6 ni lita 90, yaani mitungi minne na nusu. Ziko nyumba za wanachama wetu ambazo hazifiki hapo katika mwezi wa ukame. Hivyo kila tone lifanye kazi zaidi ya moja. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yapige deki, ya deki yamwagwe chooni au yaende kwenye mwarobaini.

Kufua ndiko kunakokula siku ya mapumziko kuliko kitu kingine. Shauri letu ni kwamba nguo zisirundikwe. Zifuliwe mara mbili kwa juma, kidogo kidogo, jioni baada ya alasiri wakati jua limepoa. Za shule na za kazi siku moja, za kwenda msikitini na shuka za kitanda siku nyingine. Kamba ya nguo hapa inakausha upesi kuliko pasi, hata nguo za magharibi alfajiri zi tayari. Jambo jema la jua letu ni hilo, basi tulitumie. Godoro nalo litolewe juani mara moja kwa juma, na kazi hiyo haihitaji mtu kusimama pale. Anatoa akienda kazini, mwingine anaingiza akirudi.

Yule "mwingine" ni nani? Hapa ndipo maneno yanapokuwa makali.

Katika mji huu nyumba nyingi hazina siku moja ya mapumziko kwa watu wote. Baba anafanya kazi katika duka linalofungwa Ijumaa, mama yuko ofisi inayofungwa Jumamosi na Jumapili, au yuko hospitali kwa zamu ambazo juma hili ni usiku na juma lijalo ni mchana. Wengine huona hilo kuwa bahati mbaya. Sisi twaona kuwa lina faida, maana katika siku 7 ziko siku mbili au tatu ambazo yuko mtu nyumbani. Kama baba yuko nyumbani Ijumaa asubuhi mpaka wakati wa sala, hizo ni saa nne au tano. Pipa husuguliwa kwa saa moja.

Watasema, majirani wataona nini, mwanamume kushika ufagio? Ndugu, twajibu kwa mambo tunayoyajua. Katika siku za ukoloni, katika nyumba za Wazungu kule Nairobi na katika nyumba za ma-DC huku kaskazini, waliofagia, waliofua, waliopiga pasi na kutandika vitanda walikuwa wanaume, na walilisha watoto wao kwa kazi hiyo bila aibu. Leo wako wanachama wetu wanaume wanaopiga deki wodi nzima, mabweni ya shule na vyumba vya hoteli, tena kwa ustadi mkubwa. Mtu huyo huyo akifika kwake hajui kitambaa cha deki kinawekwa wapi. Maana yake ni nini? Ni kwamba ufagio wenye mshahara si aibu, na usio na mshahara ni aibu. Hiyo ni hoja ya matajiri, haifai kuwa hoja yetu. Na wale wanaotaka ushahidi wa dini, wawaulize masheikh wetu, watawaambia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake na kushona viatu vyake mwenyewe.

Wenzetu wa Wajir wanajua zaidi yetu kazi ya usafi inaweza kuwa nzito namna gani. Mji ule maji ya chini ya ardhi yako karibu sana, shimo la choo likichimbwa linaingiliana na visima, na kwa miaka mingi watu wametumia vyoo vya ndoo. Wako wafanya kazi waliobeba ndoo zile kila siku ili wengine waishi kwa heshima. Tukitaja orodha ya kazi ngumu katika nchi hii tusiwasahau.

Liko jambo lingine ambalo baadhi ya wanachama hawatafurahi kulisoma. Nyumba ambazo mke na mume wote wana kazi, nyingi zimeajiri msichana wa kazi. Yeye ndiye anayebeba zile saa 31, na mara nyingi zaidi ya hizo. Analala wa mwisho, anaamka wa kwanza. Ukimwuliza mwenye nyumba siku ya msichana ya mapumziko ni ipi, anasema, "Huyu ni kama mtoto wangu." Hata tajiri wetu akitaka kutunyima haki anasema sisi ni jamaa moja! Kifungu kile cha 27 hakikusema siku moja ya mapumziko isipokuwa kwa msichana wa kazi. Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa Geneva mwaka 2011 kwa ajili ya watumishi wa nyumbani, unasema mapumziko ya juma yasipungue saa 24 mfululizo. Kiko chama cha KUDHEIHA kinachoandikisha watumishi wa nyumbani, nasi twasema wazi kwamba mwanachama wa tawi hili asimzuie mtumishi wake kujiandikisha. Siku msichana anapopumzika, ndipo baba na mama watakapojua pipa lina uzito gani.

Sasa tufike kwa matajiri, maana hatukusudii wao wakae wakicheka wakati sisi twagombana juu ya kitambaa cha deki.

Kwanza ni maji. Sheria ile ile ya 2007, kifungu cha 32, yamlazimisha mwajiri kutoa maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na kama amewapa wafanya kazi nyumba, maji yawe karibu na nyumba hizo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, nayo imetaja haki ya kila mtu ya maji safi na salama ya kutosha. Tunajua makota fulani, mwenyewe hatumtaji leo kwa kuwa mazungumzo bado yanaendelea, ambamo mfereji umekauka kwa muda mrefu na wafanya kazi wananunua maji kwa fedha zao, kisha wanakaguliwa kama nyumba ni safi! Mtu huyo hana haki ya kukagua kitu mpaka mfereji utoe maji.

Pili ni zamu. Mtu asiyejua leo kama kesho ataingia asubuhi au usiku hawezi kupanga siku ya kufua wala siku ya kusugua pipa. Twataka orodha ya zamu itolewe juma moja kabla, ibandikwe ukutani, na isibadilishwe kwa simu ya usiku. Jambo hili halimgharimu tajiri hata senti moja.

Tatu ni mafuriko. Mto Tana umeingia katika nyumba za watu wa chini mwaka baada ya mwaka. Twakumbuka 1997 na 1998, twakumbuka 2018, twakumbuka Novemba 2023 na tena Aprili 2024, barabara ikakatika na nyumba zikajaa tope. Maji yakishuka, tope lile lina kinyesi cha choo cha kila mtu ndani yake. Kuliondoa, kuosha kuta, kuchoma vilivyooza na kukausha vitanda si kazi ya jioni moja baada ya kazini, ni ya siku tatu au nne kwa watu wenye nguvu. Katika mapatano yajayo twataka ziandikwe siku za dharura zenye mshahara kwa mfanya kazi ambaye nyumba yake imeingiliwa na maji, mbali na zile siku 21 za likizo ya mwaka.

Mambo haya matatu, pamoja na lile la watumishi wa nyumbani, yataletwa mbele ya mkutano mkuu wa tawi ili yapigiwe kura. Kamati imeombwa na akina mama isiuweke mkutano Jumamosi asubuhi, maana ndiyo saa ambayo wengi wao wako kwenye beseni, na ndiyo sababu kila mara wanahesabiwa wachache. Utakuwa siku ya kazi, saa 11 jioni, na akina baba ambao zamu yao inakwisha mapema waje na watoto.